Shamba Lisiuzwe, Mgongo Uangaliwe

*Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wanne na nauza matunda sokoni Machakos mjini. Kifungua mimba wangu, Mutinda, ana miaka 17 na yuko kidato cha tatu. Tangu aingie sekondari anacheza kriketi, na mwalimu wake wa michezo anasema hajawahi kufundisha kijana anayerusha mpira kwa kasi kama yeye. Siku za shule anarusha huko shuleni. Jumamosi na Jumapili anapanda matatu kwenda Nairobi kurushia klabu moja.*

*Sasa ametokea mtu anayejiita wakala. Anasema atampeleka Dubai acheze kriketi ya kulipwa, ila tutoe shilingi 150,000 za usajili na viza kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Baba yake, ambaye miaka yote alisema huo ni mchezo wa Wahindi, amegeuka ghafla. Anataka tuuze robo ekari iliyo kando ya barabara. Mutinda naye anataka kuacha shule.*

*Kuna neno jingine ambalo baba yake halijui. Tangu Agosti mtoto analala chini kwenye mkeka, anasema kitanda kinamuumiza mgongo. Nikimuuliza zaidi anasema ni uchovu tu. Ameniapisha nisimwambie kocha.*

*Mwalimu, tuuze? Aache shule? Na mimi sijawahi kumwona akicheza hata siku moja, wala sijui mchezo wenyewe unaendaje. Niende kumtazama, au nitamwaibisha mbele ya wenzake?*

*Mama Mutinda, Mua*

Mama Mutinda,

Umeniuliza maswali matatu, na kubwa kuliko yote hukuliuliza. Umelitaja kwa kupita tu, kati ya shamba na shule: mtoto analala mkekani. Nitaanza hapo, na ukichoka kusoma kabla ya kufika mwisho, basi hiyo sehemu peke yake uishike.

Kurusha mpira kwa kasi ni kazi ya ajabu. Kijana anakimbia hatua kumi na tano au ishirini, anaruka, anatua kwa mguu wa mbele ukiwa umekakamaa, na papo hapo kiwiliwili kinapinda upande na kujizungusha huku mkono ukipita juu ya kichwa. Kiwiko hakiruhusiwi kukunjuka zaidi ya nyuzi 15, kwa hiyo hawezi kuutupa mpira kama mtu anayetupia nyani jiwe. Nguvu yote lazima itoke kwenye mbio, nyonga na mgongo. Mpira wenyewe una gramu 160 hivi, na njia yake hadi kwa mpigaji ni mita 20 tu. Lakini kila mguu ule unapotua, mwili hupokea kishindo kinachozidi uzito wake mara kadhaa, na kinachokipokea ni kiuno, hasa pingili zake mbili za chini. Mtu mzima aliyekomaa huvumilia. Kijana wa miaka 17 anaonekana mtu mzima mabegani na miguuni, kumbe mifupa ya kiuno chake bado inakomaa, na itaendelea kukomaa hadi ajongee miaka 25.

Kishindo kikirudiwa siku baada ya siku bila mapumziko, mfupa hupata ufa. Ufa huo hauji kwa kuanguka wala kugongwa, ndiyo maana vijana huuita uchovu. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, mara nyingi hutokea upande wa kushoto wa kiuno. Maumivu huwa ya upande mmoja, huzidi akijipinda kwenda nyuma, hupungua akipumzika siku chache, kisha siku ya kurudi uwanjani huanza mapema kuliko mara iliyopita. Mimi si daktari, na kwa barua siwezi kusema Mutinda ana nini. Lakini mrushaji wa kasi wa umri wake anayekimbia kitanda chake tangu Agosti hana haki ya kurusha mpira mwingine hata mmoja kabla ya kuonwa na daktari wa mifupa.

Mpeleke hospitali ya Machakos Level 5 wiki hii, si baada ya mechi ya Jumamosi. Mkifika, msiseme tu kwamba mgongo unamuuma, maana atapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani kama watu wengi wenye migongo. Semeni ni mrushaji wa kasi wa kriketi, ana miaka 17, na maumivu yana miezi. Ulizeni kama anahitaji kipimo cha MRI, kwa sababu picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haiuoni ufa ambao bado ni mchanga. Kipimo hicho kina gharama, najua. Ni sehemu ndogo ya zile 150,000.

Kuhusu kiapo: uliapa usimwambie kocha. Hukuapa usimwambie daktari. Na hata kiapo cha kocha kisikunyime usingizi, kwa kuwa mzazi hafungwi na ahadi ya kuficha ugonjwa wa mtoto. Mpe Mutinda siku tatu amwambie kocha kwa kinywa chake mwenyewe, maana hilo litamlindia heshima. Siku ya nne uende wewe.

Atakwambia akipumzika nafasi yake itachukuliwa. Mwulize kama anamjua Pat Cummins. Atamjua, hakuna mrushaji wa kasi asiyemjua. Novemba 2011, Cummins akiwa na miaka 18, Australia ilimchezesha mechi yake ya kwanza ya Test, ile ya siku tano, mjini Johannesburg. Akaangusha wapigaji sita kwa alama 79 katika zamu moja, na akawa mchezaji bora wa mechi. Dunia nzima ya kriketi ikasema amezaliwa mfalme. Mechi yake ya pili ya Test aliicheza Machi 2017. Zaidi ya miaka mitano ilipita hapo katikati, na sehemu kubwa yake ilikuwa nyufa za mgongo: kupumzika, kurudi, kuumia tena, kupumzika tena. Nafasi yake ilichukuliwa, kisha akairudia. Mwaka 2021 akafanywa nahodha, na mwaka 2023 akaiongoza Australia kutwaa Kombe la Dunia.

Ila Cummins alikuwa na bodi ya kriketi iliyomlipia madaktari huku ikimlipa na mshahara. Mutinda ana wewe tu. Kwa hiyo kosa ambalo Cummins aliweza kulirudia, Mutinda hawezi.

Waingereza, ambao wamewapoteza vijana wengi kwa njia hii, waliweka kipimo. Kijana wa miaka 16 au 17 asirushe zaidi ya ova 7 mfululizo, na asizidishe ova 18 kwa siku nzima. Ova moja ni mipira sita, kwa hiyo ni mipira 42 mfululizo na 108 kwa siku. Kwa wiki asirushe zaidi ya siku nne, na zisiwe zaidi ya mbili zinazofuatana. Sasa rudi kwenye barua yako. Jumatatu hadi Ijumaa shuleni, Jumamosi na Jumapili Nairobi. Hizo ni siku saba. Mwalimu wa shule anaona siku zake tano na kudhani wikendi ni mapumziko. Kocha wa klabu anaona siku zake mbili na kudhani kijana amekuja akiwa mzima. Wanaume wawili wenye nia njema, kila mmoja ameshika nusu ya hesabu, na hawajawahi kupigiana simu. Anayeiona wiki yote ni wewe peke yako, ambaye hujui mchezo unaendaje.

Daktari akimruhusu kurudi, nunua daftari. Kila jioni Mutinda aandike idadi ya mipira aliyorusha, mazoezi na mechi, na makocha wote wawili walione daftari hilo kila wiki. Kocha atakayelicheka, mtoto asimrushie.

Sasa tuje kwa yule wakala, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu hapastahili maneno mengi. Msimpe hata shilingi. Klabu inayomtaka mchezaji humgharamia, haimtozi. Kriketi ya Dubai na miji jirani ipo, tena ni kubwa, lakini sehemu kubwa ya wanaoicheza ni wafanyakazi wa kampuni, wengi wao kutoka India na Pakistan, wanaofanya kazi mchana na kucheza jioni na siku za mapumziko. Ligi ya pesa nyingi, ile ya ILT20 iliyoanza Januari 2023, hununua watu ambao majina yao yanajulikana tayari. Kijana wa Mua ambaye hajavaa jezi ya taifa, na ambaye hata kitambulisho hajafikisha umri wa kukipata, hanunuliwi pale kwa mtu kulipa ada.

Kama Baba Mutinda bado ana shaka, mwambie amwulize bwana huyo mambo matatu kwa maandishi. Klabu inaitwaje, na barua yake iko wapi? Je, ofisi yake ya uwakala imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile ya NEA? Na je, shirikisho letu, Cricket Kenya, lina habari? Ligi za nje zinazotambuliwa hudai cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka shirikisho la nyumbani, kwa hiyo haiwezekani mchezaji auzwe nje na shirikisho lisijue. Halafu msubiri mwone kama simu yake itaendelea kupatikana.

Mwangalieni Collins Obuya, aliyeichezea Kenya. Tarehe 24 Februari 2003, kwenye uwanja wa Gymkhana pale Nairobi, aliangusha wapigaji watano wa Sri Lanka kwa alama 24, na Kenya ikashinda kwa alama 53. Mwaka uo huo Warwickshire ya Uingereza ikamchukua. Waliona walichokiona, wakamtafuta wao. Obuya hakuwa wa kasi, alikuwa wa mpira wa kuzungusha, lakini njia ni ile ile. Na hata kwa mlango huo wa heshima safari haikumnyookea: goti lilimsumbua, na miaka iliyofuata watu walimjua zaidi kwa kupiga kuliko kurusha.

Hapa nafikia jambo ambalo lingekuwepo hata kama wakala asingekuja. Mutinda anataka maisha ya mrushaji wa kasi. Je, hayo maisha yapo Kenya?

Yalikuwepo, na aliyeyaishi vizuri kuliko wote ni Thomas Odoyo. Februari 29, 1996, mjini Pune, India, Kenya iliyokuwa inacheza Kombe lake la kwanza la Dunia ilipata alama 166 tu dhidi ya West Indies. Kisha Rajab Ali, mrushaji wetu wa kasi, akamwangusha nahodha Richie Richardson, na halafu Brian Lara mwenyewe, mpigaji aliyekuwa akiogopwa kuliko wote duniani, akaugusa mpira wa Rajab ukaishia mikononi mwa Tariq Iqbal. West Indies wakaisha na alama 93. Katika kikosi kile cha watu kumi na mmoja alikuwemo Odoyo, na alikuwa na miaka 17. Umri wa mwanao.

Odoyo alicheza Kombe la Dunia mara tano, kutoka 1996 hadi 2011. Mwaka 2007 Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, lilipoanza kutoa tuzo ya mchezaji bora wa nchi zisizocheza Test, ya kwanza lilimpa yeye. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba Mkenya hawezi. Aliweza kwa miaka kumi na mitano, mgongo ule ule, mabega yale yale.

Lakini tazama kilichotokea chini ya miguu yake. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, jambo ambalo hakuna nchi isiyocheza Test iliyokuwa imelifanya. Mwaka uliofuata wachezaji waligoma kwa sababu ya malipo. Mwaka huo huo Maurice Odumbe, shujaa wa Pune, akafungiwa miaka mitano kwa kuhusiana na mchezesha kamari. Chama cha zamani kikavunjwa, kipya kikaundwa, wadhamini wakatawanyika, na mapema 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Odoyo alirudi akawa kocha wa timu ya taifa, na mwaka 2018, baada ya mashindano mabaya kule Namibia, akajiuzulu. Niambie hapo kosa la Odoyo liko wapi. Mimi silioni.

Watu wa Machakos mnajua kulea wanariadha, na ndiyo sababu naogopa mtaupima mchezo huu kwa kipimo cha riadha. Cosmas Ndeti alishinda Boston mwaka 1993, 1994 na 1995, akampa mwanawe jina la mji ule. Patrick Makau wa huko huko kwenu aliweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2011, saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Mkimbiaji akiwa na barabara, viatu na miguu, hata ofisi za Nairobi zikifungwa mwaka mzima yeye anaweza kukimbia, akapata mwaliko, akashinda, akalipwa. Mrushaji wa kasi hawezi. Anahitaji uwanja uliotengenezwa kwa roli, wenzake kumi, wapinzani kumi na mmoja, waamuzi, ligi isiyoahirishwa, na shirikisho linalolipa ada zake kwa wakati. Mutinda anaweza kufanya kila kitu sawa, akawa bora nchini, na bado akakosa nauli ya kurudi Mua. Mashaka yangu hayako kwenye mkono wake. Yako kwenye vitu ambavyo mkono wake hauwezi kuvifikia, na robo ekari ya shamba pia haiwezi.

Hiyo ndiyo sababu ninasema asiache shule, wala si kwa ule msemo wa walimu kwamba elimu ni ufunguo, ambao vijana wameshausikia hadi masikio yakaota sugu. Nasema kwa hesabu ya mchezo wenyewe. Mrushaji wa kasi hafikii kilele akiwa na miaka 17. Wengi hukifikia kuanzia miaka 25 kwenda juu, mwili ukishakomaa. James Anderson wa Uingereza, ambaye naye mgongo wake ulipata ufa mwaka 2006, aliendelea kurusha katika Test hadi Julai 2024, akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 42, na wapigaji 704 nyuma yake. Mutinda akikaa darasani hadi amalize mtihani wa kidato cha nne, KCSE, kriketi haimpiti. Mapumziko ambayo mgongo unayataka na muda ambao mtihani unautaka ni ule ule.

Na baada ya KCSE asifikirie mchezo tu. Umri wa kurusha kwa kasi ni mfupi, na wengi waliorusha vizuri hapa kwetu walikuja kuishi kwa kufundisha. Martin Suji, mmoja wa warushaji wa 1996 na 2003, alikwenda kufundisha timu ya taifa ya Rwanda. Lameck Onyango na Joseph Angara, warushaji wote wawili, ndio waliokabidhiwa timu ya Kenya mwaka 2024. Ukocha siku hizi una vyeti, una ripoti za kuandika, una tarakilishi. Mwenye kidato cha nne na chuo atawapita walioishia kidato cha tatu, hata kama wao walirusha kwa kasi zaidi.

Nisije nikaonekana ninamzimia taa. Majirani zetu Uganda walifika Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi, mwaka 2024, wakaishinda Papua New Guinea kule Guyana, na kwenye kikosi chao alikuwemo mrushaji wa kasi kijana, Juma Miyagi, mtoto wa mtaa wa mabanda wa Naguru, Kampala. Mwaka 2027 Kombe la Dunia la mechi za siku moja litachezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Mwaka 2028 kriketi inarudi kwenye Olimpiki, Los Angeles. Katika T20 mrushaji hupewa ova nne tu, mipira 24, na kuna ligi nyingi duniani zinazowatafuta watu wa mipira hiyo 24. Mlango upo. Aufikie akiwa mzima na akiwa na cheti, na aitwe ndani kwa jina lake.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza. Makhaya Ntini alikuwa mchunga ng'ombe wa kijiji cha Mdingi, Afrika Kusini, kabla ya kupelekwa shule ya mjini kwa sababu ya kurusha kwake. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini mwaka 1998, akaangusha wapigaji 390 katika Test. Kila mtu alimwona akicheka uwanjani. Mwaka 2020, ameshastaafu, alieleza kwamba miaka ile alikuwa akimpa dereva wa basi la timu begi lake, yeye akakimbia kwa miguu kutoka hotelini hadi uwanjani. Watu walidhani ni mazoezi. Alikuwa anakwepa kukaa peke yake kwenye basi, kwa kuwa hakuna aliyekuja kuketi karibu naye. Mwanao anakwenda Nairobi kila wikendi, katika klabu ambayo pengine wenzake hushushwa getini na magari ya wazazi wao. Usimwulize tu kama walishinda. Mwulize alikula wapi, na alikula na nani.

Na sasa Baba Mutinda. Usigombane naye kuhusu shamba kabla hamjazungumza kuhusu mgongo. Akishajua mtoto ni mgonjwa, habari ya kumpeleka Dubai mwezi ujao itajifia yenyewe. Lile neno lake la mchezo wa Wahindi lina historia kidogo, maana timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Kombe la kwanza la Dunia mwaka 1975 kweli ilikuwa ya wachezaji wenye asili ya Asia kwa sehemu kubwa. Lakini timu ya Pune ilikuwa ya watu wa asili zote mbili: Tikolo na Modi, Odumbe na Karim, Odoyo na Chudasama. Tena naona baba huyu jana aliudharau mchezo na leo anataka kuuuzia ardhi, na sidhani kama amewahi kumwona mtoto akirusha. Kama angemwona, pengine asingeudharau. Na kama angemwona juzi juzi, labda akichechemea baada ya ova ya nne, asingemtafutia mnunuzi wa shamba.

Kwa hiyo swali lako la mwisho lina jibu jepesi: nenda, na umchukue na baba. Hutamwaibisha. Ngojeni daktari aseme ndiyo kwanza, hata ikichukua miezi, halafu mwende kwenye mechi ya shule, si ya Nairobi, ili asiwe na mzigo wa wageni wengi siku moja. Kaeni nyuma ya upande anakotokea mbio, mbali kidogo, mtauona mpira vizuri zaidi kuliko mkikaa pembeni. Mtamwona akirusha mipira sita na huenda hakuna kitakachotokea, wapigaji wakizuia tu. Msisikitike, mara nyingi mpigaji huangushwa na mpira wa sita kwa sababu ya mitano iliyotangulia. Baadaye atapelekwa kusimama mbali karibu na mpaka wa uwanja, mikono kiunoni, na mtadhani amefukuzwa. Hajafukuzwa, anapumzishwa, na hapo ndipo uangalie kama nahodha anamrudisha baada ya muda wa kutosha au anamwita upesi kwa tamaa ya kushinda. Bebeni kofia na chakula, mechi ni ndefu na jua la Machakos mnalijua. Mkipotea katika hesabu, pembeni huwa kuna meza ya mwandika alama. Mkaribie, umwambie wewe ni mama wa nani, akuonyeshe kwenye kitabu chake jinsi ya kusoma ova za mwanao.